Mbwa Aliyefufuka Kila Jumatano

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana barua hii ni ndefu na ina mambo ya kumkalisha mtu chini. Sisi huku tunaendelea kwa rehema za Mungu. Goti langu la kushoto linalalamika nikisimama kwenye meza ya pasi tangu asubuhi, lakini bado linakubali kupigwa mbele za Bwana, kwa hiyo sina kesi nalo. Wewe je? Wifi yangu hajambo? Na kambi yenu ya wajenzi wa barabara, bado mnapikia watu mia kwa sufuria mbili? Nilicheka peke yangu kama mwehu uliposema msimamizi wenu huonja kila sufuria mara nne halafu hutangaza kwamba leo hana hamu ya kula.

Barua yako niliipata Ijumaa. Nimeisoma mara tatu. Unasema dereva wa lori la saruji alipita hapo kambini akawatangazia wote kwamba dada yako anafufua mbwa, na kwamba Karani amekufa na kuamka mara saba. Unasema ulifurahi hata ukavipandisha vidonge vyako vya kisukari juu ya kabati, tangu Jumapili hujavigusa, unangoja nikuombee kama nilivyomwombea Karani. Sasa nisikilize, wala usinibishie, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukanikojolea mpaka ukajua kutembea. Kabla hujasoma mstari unaofuata, inuka, panda kiti, vishushe hivyo vidonge, umeze cha leo kwa maji. Nakungoja hapa hapa.

Umemeza? Kama hujameza, mkabidhi wifi karatasi hii, na asikusomee neno lingine mpaka aone koo lako limepanda na kushuka. Haya. Sababu yake nitakueleza, ila niache nianze mwanzo, kwa kuwa nikianzia mwisho utanikasirikia kabla hujanielewa.

Ulipomwacha Karani kwangu ulisema ni kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa tatu, na wala sikudai kitu, nakumbusha tu. Jina ulilompa limemkaa: hadi leo hukaa mlangoni akimtazama kila anayeingia kama anayemwandika daftarini, na wateja wanaoleta nguo za kupigwa pasi humwamkia yeye kwanza. Mchana hulala chini ya meza yangu, pale penye joto. Ni mbwa mtu mzima, hana papara, na hajawahi kuniibia hata kipande cha mkate.

Unajua kikundi chetu cha maombi hukutana sebuleni kwangu kila Jumatano. Tunafunga tangu alfajiri hadi saa kumi alasiri, na siku hiyo mimi siwashi jiko kabisa, harufu isije ikatujaribu. Jiko lisipowaka, Karani naye hapati kitu, maana yeye hula tulacho sisi. Hilo sikuwahi kulifikiria. Mbwa mwenyewe hakuwahi kuleta malalamiko.

Basi Jumatano moja, zimebaki dakika chache ifike saa kumi, tumesimama wanawake wanane, Mama Kengele anaongoza. Huyu ndiye mwenyekiti wetu, na tunamwita hivyo kwa sababu akisema amina, kuku wa nyumba ya tatu huitikia. Mara Karani akatoka chini ya meza anayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi, miguu ya mbele inakwenda huku, ya nyuma inakwenda kule. Akanitazama. Akaanguka ubavu, miguu ikatetemeka, macho yakabaki meupe. Nilikuwa tayari nimeshika kikombe cha chai ya kufungulia, chai ya chupa niliyoichemsha usiku wake, na mimi chai yangu unaijua, vijiko vinne vya sukari. Nikapiga magoti, nikamwekea mkono kichwani, nikamlilia Mungu, na kikombe cha mkono wa pili kikainama, chai ikamwagikia mdomoni mwake. Akalamba. Akalamba tena. Wenzangu hawajamaliza ubeti wa tatu wa wimbo, mbwa yuko wima, anatikisa mkia, anaelekea jikoni.

Mdogo wangu, sebule ililipuka. Mama Kengele alipiga kelele hata kioo cha kabati kikalia.

Jumatano iliyofuata akaanguka tena, nikapiga magoti tena na kikombe changu, akainuka tena. Ya tatu hivyo hivyo. Kufikia hapo kikundi kilikuwa kimegawanyika makundi mawili. Kundi la Mama Kengele lilisema ni pepo, kwa ushahidi kwamba siku sita za wiki mbwa ni mzima na anaanguka siku ya mfungo tu, na pepo gani asiyechukia mfungo. Kundi la pili, la mwalimu mstaafu wa chekechea, lilisema pepo hatingishi mkia hivyo, huyu mbwa ana imani kuliko baadhi ya watu humu ndani na anazidiwa na ibada. Mama Kengele akataka kujua hao baadhi ya watu ni akina nani. Tukaimba haraka haraka.

Na alikuwa na kile kivimbe sikioni, sijui kama ulikiona kabla hujaondoka. Kidogo, cha rangi ya waridi, hakina nywele, ukubwa wa punje ya mahindi. Mama Kengele akaamua kuwa ndicho mlango anaoingilia pepo, ukawa unapakwa mafuta ya maombi asubuhi na jioni. Matokeo yake muuguzi wa zahanati alinirudishia gauni lake jeupe nililolipiga pasi vizuri, lina chapa ya sikio la mbwa kifuani, akaniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo nembo yangu mpya.

Habari zikatoka nje. Nikaanza kuitwa Mama Ufufuo. Mimi, niliyeishia darasa la saba, ninayesoma kwa kidole! Mwenye duka alinipa salamu ya kwanza tangu nihamie mtaa huu, akaniletea paka wake mwenye uvimbe kwenye kope nimwombee. Nikamwombea. Mwanamke mmoja alileta kuku aliyeacha kutaga. Naye nikamwombea, nadhani kuku hakufurahi.

Jumatano ya nne akaanguka na kuinuka. Ya tano na ya sita hakuanguka hata kidogo, na watu wakaanza kuangaliana. Lakini mchungaji alikuwa ameshasikia, akasema Jumatano ya saba atakuja na wageni watano kutoka makao makuu ya kanisa waje washuhudie. Nikaazima viti. Nikapiga pasi hata mapazia.

Siku hiyo Karani alianguka saa nane, mapema kuliko siku zote, mbele ya wageni wote. Nikapiga magoti, nikaomba, nikamtia chai mdomoni. Haikulambwa. Mwili ukaanza kumkakamaa, mate yanamtoka, miguu inapiga sakafu kama anayekimbia kwa kulala. Nikaomba kwa sauti. Nikaomba bila sauti. Wageni walikuwa wameanza kutafuta viatu vyao kwa macho. Mwisho nikasema mnisaidie kumbeba. Tukamweka kwenye shuka la mteja, mchungaji akashika pembe moja, Mama Kengele nyingine, mimi na mwalimu zilizobaki, tukakimbia naye hadi kliniki ya mifugo iliyo nyuma ya stendi, na Mama Kengele njia nzima anawaambia watu wapishe, mgonjwa huyo.

Daktari ni mama wa makamo kama mimi, mfupi, ana kalamu mbili masikioni. Alimchoma Karani sikio kwa kile kimashine unachochomea kidole wewe, akaitazama namba, akakitikisa kimashine, akachoma tena. Akasema sukari ya damu imeshuka mahali ambapo mtu hasimami na mbwa hapaswi kuwa anapumua. Akamtundikia maji yenye sukari mshipani, na huku anafunga plasta akaniuliza amekula mara ya mwisho lini. Mchungaji alikuwa nyuma yangu. Nikajibu asubuhi.

Daktari akaacha kufunga plasta. Akasema anashuku kuna uvimbe tumboni, na kama amekula asubuhi na bado amefika hapa, basi hali ni mbaya mno, pengine hata kumpasua hakufai, ni kumpumzisha tu asiteseke. Akatoka kwenda kutafuta simu ya mwenzake wa mjini amshauri.

Nitakwambia nilifanya nini dakika hiyo, subiri kidogo, kalamu inaniwia nzito.

Kwanza nikwambie ugonjwa wenyewe. Daktari aliniita siku ya pili, macho yanang'aa, akanipa mkono kabisa, akasema hongera mama, una mbwa wa ajabu. Nilitaka kumwuliza kama kwao watu hupongezana msibani. Akaeleza kuwa ndani ya tumbo, nyuma ya mfuko wa chakula, kuna kiungo kinaitwa kongosho, na humo zimo seli zinazotengeneza insulini, ile inayoishusha sukari ya damu. Karani alikuwa ameota uvimbe wa seli hizo hizo. Uvimbe haujui saa wala siku. Unamimina insulini mbwa ameshiba, unamimina mbwa ana njaa. Akiwa na chakula tumboni anastahimili. Akikaa na njaa, sukari yote inaisha na yeye anakwenda chini. Akasema ugonjwa huu kwa mbwa ni adimu, na tangu aanze kazi huyu ni wa pili kumwona kwa macho yake. Ndiyo hiyo Jumatano yetu, mdogo wangu. Pepo ni njaa.

Kile kivimbe cha sikioni alikikata pia akakipeleka maabara, majibu yakarudi nacho ni cha seli adimu za ngozi, ndugu wa mbali wa zile za kongosho, lakini kwa mbwa huwa kipole, hakina neno. Ndipo akasema maneno yaliyonitoa jasho, kwamba kwa mbwa ni kipole ila kwa paka kivimbe cha jamii hiyo ni kikali na hakisubiri. Sikuaga. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwa mwenye duka, nikamwambia amchukue paka wake ampeleke sasa hivi, hata duka asifunge. Akaniuliza kwani maombi yangu yameishia wapi. Nikamwambia nitakulindia duka, nenda. Paka amekatwa uvimbe. Wake ulikuwa wa namna nyingine, ila daktari amesema wiki tatu zaidi jicho lingekwenda. Na wiki kadhaa nilikuwa nimeshazila mimi na maombi yangu.

Sasa hapa ndipo nilipokuwa ninapakwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Jumatano ile ya nne sukari iliniishia nyumbani. Chai ilikuwa chungu kama shubiri. Karani akaanguka, nikamwombea kwa imani yangu yote, nikamtia chai ile mdomoni, na hakuinuka. Wenzangu walikuwa wamefumba macho. Nikanyata hadi jikoni, nikakwangua mkebe wa sukari kwa kidole, nikarudi nikampaka kwenye fizi. Akainuka. Nikabaki na kile kidole hewani, kina vichembe vya sukari, nikajua. Mdogo wangu, nilijua siku ile ile kwamba haikuwa mimi. Kisha wakafumbua macho wakaniimbia, na wimbo ule ulikuwa mtamu kuliko kilichokuwa kwenye kidole. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji; mimi nilizidisha sukari. Tangu hapo nilikuwa na leso yenye sukari kwenye mfuko wa aproni.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo baya. Ya tano na ya sita hakuanguka, na mchungaji anakuja na wageni. Nikaogopa kwamba hataanguka. Unaona dada yako alipofika? Niliogopa kwamba mbwa atakuwa mzima. Kwa hiyo Jumanne mchana sikumpa chakula. Jumanne jioni sikumpa. Alilisukuma bakuli lake kwa pua tangu mlangoni hadi miguuni pangu, akakaa, akanitazama na macho yake yale ya daftari. Nami nikalirudisha bakuli kwa mguu, nikaendelea kupiga pasi mapazia.

Kwa hiyo daktari aliposema kama amekula asubuhi basi apumzishwe, nilielewa kwamba uongo wangu ndio unaomuua. Nikamfuata ukumbini. Mchungaji akaja, Mama Kengele akaja, mwalimu akaja, na shuka la mteja begani. Nikasema mbele yao wote: hajala tangu Jumanne asubuhi, mimi ndiye niliyemnyima, ili aanguke mbele ya wageni. Na wiki zote hizi kilichomwinua ni sukari. Nikaitoa na leso nikamwonyesha. Daktari hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu kwamba kama ni njaa ya siku nzima na zaidi, matumaini yapo, atampasua. Halafu akasema sukari tupu kwa mbwa wa namna hii ni ya dharura, na chakula kifuate papo hapo. Ukimpa sukari peke yake na kumwacha, uvimbe unaamka kumwaga insulini zaidi na anaanguka vibaya kuliko mwanzo. Yaani kila nilipomfufua nilikuwa namchimbia tena. Karatasi ya ruhusa ilitaka sahihi ya mwenye mbwa. Nikatia yangu, nisamehe, muda wa kukuandikia haukuwapo. Penye uhusiano niliandika mama.

Tulikaa kwenye benchi. Nilikuwa nangoja Mama Kengele anivue uanachama kwa sauti yake ile. Badala yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinong'ona. Akasema Jumatano ya tano na ya sita Karani hakuanguka kwa sababu yeye Mama Kengele alikuwa nyuma ya nyumba anakula biskuti kutoka kwenye mkoba, mbwa akamkuta, akaona aibu, akamgawia. Mchungaji akageuka kumtazama. Mwalimu akakohoa, akasema kwamba yeye huwa na karanga, ila ni kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Kisha nikakumbuka kile kidole changu chenye vichembe vya sukari, kwamba baadaye nilikilamba mwenyewe, na saa kumi ilikuwa bado. Tukahesabu hapo benchini. Katika kikundi kizima, aliyekuwa akifunga kweli kila Jumatano alikuwa Karani peke yake. Mchungaji alianza kucheka kwa mabega, akijizuia, mwisho akashindwa, tukacheka wote mpaka mtu wa mapokezi akatoka kutuuliza kama tumeshapewa habari njema.

Habari njema ilikuja jioni. Uvimbe umetolewa, ulikuwa mdogo kama harage. Daktari hakunificha, amesema aina hii hupenda kurudi, huenda tukawa naye mwaka, huenda miwili, kwa mapenzi ya Mungu. Sasa anakula mara tano kwa siku, kidogo kidogo, na kengele ya saa inalia hata katikati ya sala. Jumatano tunakutana kama zamani, ila jiko linawaka, na anayetaka kufunga afunge kwake na Mungu wake.

Sasa turudi kwako, maana hili ndilo lililonifanya niandike mpaka mkono ukafa ganzi. Karani alizidiwa na insulini; wewe yako haitoshi. Sukari iliyomwinua yeye ndiyo inayokulaza wewe. Hukuacha vidonge kwa sababu ya imani, uliviacha kwa sababu ya uongo wangu, uliosafiri kwa lori la saruji hadi kwako. Nakuombea kila siku asubuhi, nilikuombea hata kabla mbwa hajaanguka, na sitaacha. Ila nakuombea ukiwa umemeza. Lile ganda la vidonge likiisha usilitupe, litie kwenye bahasha unitumie, nilione kwa macho yangu kwamba lina matundu yote. Na mwezi ujao lingine. Ukiona ni kukuonea, ndiyo, nakuonea.

Kwa sababu siku ile nimepiga magoti mbele ya wageni nilikiona kitu kimoja waziwazi, kitinda mimba. Mimi siwezi kufufua mtu. Kwa hiyo tafadhali usife.

Mwambie wifi nampenda, na namkabidhi ufunguo wa hilo kabati. Msalimu msimamizi na hamu yake. Dereva wa lori nitamngoja barabarani mwenyewe. Mwalimu anawasalimu, na Mama Kengele pia anawasalimu, pengine mmeshamsikia.

Bwana awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi dada yako,
mpiga pasi tu.